Kutoweka na Kurejeshwa kwa Choroa wa Arabuni, 1962–2007

Jenasi ya choroa (Oryx) ina spishi nne: choroa wa Afrika Mashariki, wa Kusini mwa Afrika, wa Sahara na choroa mweupe wa Arabuni (Oryx leucoryx). Mbili za mwisho zilimalizwa kabisa porini katika karne ya 20. Makala haya yanachunguza historia ya choroa wa Arabuni na kudai kwamba kuzalisha mnyama kizuizini hakutoshi kumrejesha. Hatima yake huamuliwa na ulinzi wa ardhi aliyotoka.

Mabedui walimwinda choroa kwa karne nyingi bila kummaliza, kwani mwindaji alitegemea ngamia na jangwa lilimchosha yeye kama lilivyomchosha mnyama. Gari na bunduki ya kisasa viliondoa kizuizi hicho. Mwaka 1962 Ian Grimwood, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori nchini Kenya, aliongoza msafara wa kuwakamata choroa mashariki mwa himaya ya Aden. Wanne walikamatwa, mmoja akafa. Watatu waliobaki walipitia Kenya, wakapelekwa Phoenix, Marekani, ambako waliunganishwa na wengine kutoka London, Kuwait na Saudia hadi kufikia kundi la wanyama tisa.

Choroa wa mwisho wa porini waliuawa mwaka 1972 katika uwanda wa Jiddat al-Harasis, Oman. Miaka kumi baadaye, Januari 1982, kundi la kwanza liliachiliwa katika uwanda huohuo kwa amri ya Sultani Qaboos. Wafugaji wa kabila la Harasis waliajiriwa kuwa walinzi, na kufikia mwaka 1996 idadi ilikuwa imepita 400.

Hata hivyo, mwaka huohuo ulianza ujangili wa kuwanasa choroa wakiwa hai na kuwauza nje ya nchi. Hifadhi hiyo, iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 1994 kuwa Urithi wa Dunia, ilipunguzwa na serikali kwa asilimia 90. Mwaka 2007, choroa wakiwa wamebaki 65 hivi, ikawa ya kwanza duniani kufutwa katika orodha hiyo.

Ulinganisho wa 1982 na 2007 unaonesha kwamba mnyama hakubadilika, wala jangwa. Kilichobadilika ni bei ya choroa hai sokoni na mipaka ya ardhi iliyotengwa kwa ajili yake.