Nyumba za Kodi Nafuu: Pa Kubisha Hodi na Karatasi za Kubeba

Mwaka jana khalati yangu alifiwa na mumewe. Eda haijesha, mwenye nyumba akatuma mtu kusema kodi inapanda kutoka shilingi 2,400 hadi 6,000, na asiyeweza ahame. Kwa kuwa yeye hatoki, miguu ikawa yangu. Niliyoyajua katika mizunguko hiyo nayaweka hapa, yapate kumfaa mwengine.

Mlango wa kwanza ni nyumba za wakfu. Mombasa na Lamu, wazee wetu waliacha majumba kwa ajili ya Mungu. Baadhi yako chini ya Tume ya Wakfu, yenye ofisi yake Mombasa, na mengine yako kwa mutawali wa ukoo au kamati ya msikiti. Aghalabu kodi yake ni ya chini, lakini hutaona tangazo ukutani. Andika barua, ipeleke mwenyewe, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Muulize na imamu wa mtaa. Ujue pia kuwa wakfu wa ukoo una wenyewe waliotajwa na aliyeweka.

Mlango wa pili ni kaunti, iliyorithi nyumba za iliyokuwa kaunsili. Omba kwa maandishi katika idara ya nyumba. Nyumba hizi ni chache na zazidi kupungua: Buxton ya zamani ilibomolewa, na ghorofa zilizoinuka pale ni za kuuzwa.

Wa tatu ni Boma Yangu, mpango wa serikali kuu. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 imetenga nyumba za jamii kwa mwenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Kujiandikisha ni bure, kwa kitambulisho, PIN ya KRA na nambari ya simu. Lakini usichanganye mambo: hapa wanunua kidogo kidogo, hupangi, na kujiandikisha si kupata.

Popote uendapo, beba kitambulisho, ushahidi wa kipato hata kama ni cha kuuza mahamri, risiti za kodi za nyuma na, kwa mjane, cheti cha kifo na cha ndoa. Akitokea dalali akakwambia atakupitishia jina kwa pesa, mwambie akuandikie risiti ya ofisi. Mimi niliyemwambia hivyo hakurudi tena.

Lakini lililotufaa zaidi nililijua mwisho. Sheria ya kudhibiti kodi yalinda nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mwenye nyumba hapandishi kodi wala hamtoi mpangaji kwa kutaka kwake. Lazima apitie tribunali ya kodi za nyumba. Khalati alipotoka eda tulikwenda na bahasha ya risiti alizoziweka marehemu. Kodi haikupanda.

Basi kabla hujatafuta nyumba nyengine, itazame kwanza hiyo uliyomo, na kila ulipapo kodi dai risiti. Khalati yuko pale pale, na barua yake ya wakfu yangoja zamu.