Maneno Yasiyo na Mwalimu: Msamiati wa Kitaaluma katika Shule za Kiswahili

Mjadala kuhusu lugha ya kufundishia nchini Tanzania umezunguka kwa miongo mingi katika swali la istilahi. Wanaotetea Kiswahili huonyesha kamusi. Wanaokipinga huuliza kama kina maneno ya kutosha kufundishia kemia. Swali hilo, kwa kiasi kikubwa, limeshajibiwa. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoundwa mwaka 1967, limesanifu istilahi za nyanja nyingi, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Neno kama usanisinuru humfikia mwanafunzi likiwa limeandaliwa mapokezi: limekolezwa wino, lina fasili yake na mchoro pembeni, na mwalimu wa sayansi hawezi kulipita bila kulieleza. Kikwazo kiko kwenye tabaka jingine la maneno, ambayo si mali ya somo lolote wala si ya mazungumzo ya nyumbani: dhana, kigezo, uwiano, mchakato, bainisha, changanua, tathmini, ilhali, licha ya, kwa mujibu wa. Mwalimu wa jiografia huyatumia akiamini yamefundishwa kwenye Kiswahili. Mwalimu wa Kiswahili naye ana ngeli, methali na ufahamu wa kumaliza, na huamini kila somo hufundisha maneno yake.

Wachunguzi wa lugha nyingine walilitambua tabaka hili kitambo. Mwaka 1979 Jim Cummins, aliyefanya kazi nchini Kanada, alitenganisha umilisi wa lugha ya mazungumzo na umilisi wa lugha ya kitaaluma, na akaonyesha baadaye kuwa watoto wa wahamiaji wanaozungumza vizuri baada ya miaka miwili hivi huhitaji miaka mitano au zaidi kuwafikia wenzao katika lugha ya masomo. Ushahidi wa takwimu ulikuja mwaka 2000 kutoka New Zealand. Averil Coxhead alichunguza kongoo, yaani mkusanyo mkubwa, la matini za sanaa, biashara, sheria na sayansi lenye maneno yapatayo milioni 3.5, akaweka kando maneno 2,000 ya kawaida ya Kiingereza, kisha akatafuta yanayojirudia katika nyanja zote nne. Alipata familia 570 za maneno. Zilichukua takriban asilimia 10 ya matini za kitaaluma, lakini katika hadithi za kubuni hazikufika hata asilimia 2. Takwimu hiyo ya pili ndiyo inayopaswa kutusumbua zaidi. Ushauri tunaompa kila mwanafunzi dhaifu ni asome vitabu vya hadithi, nao ni ushauri mwema kwa mambo mengi. Ila maneno yatakayomkwamisha kwenye kitabu cha historia hatayapata humo kwa wingi.

Hoja ya kwanza dhidi ya msimamo huu ni kwamba tofauti hiyo inawahusu wageni wa lugha, na kwamba mtoto wa Kitanzania aliyekua na Kiswahili atayaelewa maneno haya yenyewe. Hoja hiyo inachukulia kujua lugha kuwa kitu kimoja. Mtoto aliyekulia Tanga akizungumza Kiswahili fasaha anajua fika kusema kitu fulani kinalingana na kingine. Hilo halimwezeshi kuandika juu ya ulinganifu wa vipimo viwili, au kutofautisha ulinganisho na mlinganyo anapovuka kutoka somo moja kwenda jingine. Kiswahili hutunga nomino za kitaaluma kutoka kwenye vitenzi kwa viambishi: changanua huzaa uchanganuzi, bainisha huzaa ubainishaji, linganisha huzaa jamii nzima. Mwandishi wa kitabu cha kiada hukigeuza kitendo kuwa nomino ili akizungumzie kama kitu, akipime, akipe sababu na matokeo. Mzungumzaji hana haja ya kufanya hivyo sokoni. Hapa, kwa maoni yangu, Kiswahili kina nafuu ambayo Kiingereza hakina, kwa sababu kanuni za unyambulishaji ni chache na bayana. Mwanafunzi aliyefundishwa kuziona ndani ya kitabu chake cha sayansi hupata maneno mengi kwa bei ya moja. Kinachofanyika mara nyingi ni unyambulishaji kufundishwa kama zoezi la sarufi, ukiwa umetengwa na maandishi yanayouhitaji.

Si kwamba shule hazifundishi msamiati; zinaufundisha, na kwa juhudi. Msamiati unaosifiwa katika insha, Kenya kama Tanzania, ni ule wa kupamba: nahau, tashbihi, methali za kufungulia na kufungia, maneno adimu ya kuelezea macheo. Sina ugomvi na mapambo hayo. Lakini mwanafunzi anayeweza kupamba aya nzima juu ya jua linalochomoza, na asiweze kuandika sentensi mbili zinazotenganisha chanzo na athari, amefundishwa nusu ya kazi ya kuandika. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi Tanzania, ambao kwa sehemu kubwa huuliza maswali ya kuchagua jibu, haumlazimishi kuiandika hiyo nusu ya pili.

Pingamizi zito zaidi ni la manufaa. Kwa kuwa shule nyingi za sekondari hufundisha kwa Kiingereza, kwa nini tutumie muda kwa msamiati wa kitaaluma wa Kiswahili, utakaoachwa mlangoni? Cummins alilijibu kwa nadharia yake ya umilisi unaotegemeana: mtu aliyekwisha kujifunza kutathmini hoja kwa lugha moja, akiipata lugha ya pili hujifunza jina jipya la kazi anayoijua. Asiyeijua kazi hiyo kwa lugha yoyote hujifunza vitu viwili kwa mpigo, na kwa kawaida hukimbilia kukariri. Tafiti za LOITASA, mradi kuhusu lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini, ambao mtafiti Martha Qorro alikuwa miongoni mwa washiriki wake, zimeeleza madarasa ya sekondari ambamo wanafunzi hunyamaza katika Kiingereza na kujieleza wanaporuhusiwa Kiswahili. Nakubaliana na ushahidi huo, ila hauondoi hoja yangu. Kubadili lugha ya kufundishia kutamrahisishia mwanafunzi kusema. Kuandika hoja kutabaki kazi ya kufundishwa.

Hatua ya kwanza ni kuwa na orodha ya maneno haya, kama ile ya Coxhead, na wapo watakaoihofia. Wana haki, maana maneno 500 yaliyobandikwa ukutani yatakaririwa na kusahaulika. Orodha ni ya mwandishi wa vitabu na mkufunzi wa walimu, ili neno kigezo lirudi mara kadhaa katika masomo tofauti na mwanafunzi atakiwe kuliandika. Kwa kuiandaa, ipo Korpasi (kongoo) ya Kiswahili ya Helsinki, yenye mamilioni ya maneno, lakini ina magazeti na kumbukumbu za Bunge kwa wingi, na lugha ya Bunge haiwezi kuwakilisha kitabu cha sayansi. Kinachohitajika ni kongoo la vitabu vya kiada vyenyewe. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina wanaisimu, na Taasisi ya Elimu Tanzania ndiyo yenye matini za vitabu hivyo. Taasisi hizo mbili zianze kazi hiyo na vitabu vya madarasa ya juu ya shule za msingi, kabla ya toleo lijalo kupelekwa kiwandani.