Programu ya Kazi ya Pamoja: Istilahi Katika Nchi ya Chai

Istilahi ya grupuwea (kwa Kiingereza groupware) ilizaliwa Marekani mwaka 1978. Walioitunga ni Peter na Trudy Johnson-Lenz, mume na mke waliokuwa wakichunguza jinsi watu wanaoishi mbalimbali wanavyoweza kushauriana kwa kompyuta. Maana waliyoipa ina sehemu mbili, na zimepangwa kwa makusudi: kwanza ni utaratibu ambao kikundi chenyewe kimeamua kuufuata, kisha ndipo inakuja programu ya kuutegemeza utaratibu huo. Kikundi kinatangulia, mashine inafuata. Anayetaka kuliingiza neno hili katika Kiswahili hana budi kuanzia hapo, kwenye kikundi.

Huko Kericho na Bomet, Kenya, kikundi kipo tayari. Mwaka 2006 KTDA, shirika linalosimamia viwanda vya chai vya wakulima wadogo, lilishirikiana na kampuni ya Unilever kuanza kujaribu mashamba darasa miongoni mwa wakulima wa chai nchini Kenya. Mbinu hiyo ilitoka Indonesia, ambako Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliianzisha mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga. Wakulima wapatao 30 wanakutana shambani mara kwa mara kwa msimu mzima. Afisa wa ugani yupo, lakini hahubiri. Kazi yake ni kuuliza maswali na kuwaachia wakulima watafute majibu kwenye mimea.

Tuseme kikundi kinataka kujua ni baada ya siku ngapi inafaa kurudia kuchuma. Kinatenga vipande viwili vya shamba. Kimoja kinachumwa kila baada ya siku 7, kingine kinaachwa mpaka siku 14. Kiwanda kinataka majani mawili na chipukizi, na jani likichelewa hukomaa likawa gumu, lakini kila mkulima ana mazoea yake na sababu zake. Basi wanagawanyika makundi madogo, wanaingia kati ya mistari, wanahesabu machipukizi, wanatazama wadudu, magugu na udongo. Wakitoka huko wanachora walichokiona kwenye karatasi kubwa. Mmoja anasimama kueleza mchoro wa kundi lake, wengine wanamhoji: mbona magugu hukuyachora? Mmepima kwa mizani au mmekisia? Mwishoni wanakubaliana la kufanya. Mkutano unaofuata karatasi ya zamani inabandikwa kando ya mpya, na kila mtu anaona kilichobadilika.

Hapo pana kujifunza, pana kazi ya pamoja, pana mapitio, na hakuna hata waya mmoja wa umeme. Kasoro yake ni kwamba karatasi ile inalala nyumbani kwa katibu. Kikundi cha Mogogosiek hakiwezi kuilinganisha na ya Litein, na ikilowa mvua, kazi ya msimu mzima imepotea. Mwanakikundi aliyekuwa akichuma siku ya mkutano hana njia ya kuongeza neno lake. Programu inahitajika kuziba mapengo hayo, na mapengo hayo pekee.

Mwaka 1991 wataalamu watatu, Clarence Ellis, Simon Gibbs na Gail Rein, waliieleza grupuwea kwa namna inayotusaidia kuitenga na programu nyingine: ni mfumo wa kompyuta unaosaidia watu wenye kazi moja, na unaowapa mahali pamoja pa kuifanyia. Tukichukua kipimo hicho, mizani za kielektroniki zilizoko kwenye vituo vya kununulia majani chai hazimo. Ni mashine nzuri. Karani anapima, uzito unaandikwa chini ya namba ya mkulima, risiti inatoka, kumbukumbu zinafika kiwandani. Lakini mkulima anapokea tu. Hana pa kuandika kwamba anaona kasoro, wala haoni cha jirani yake ili walinganishe. Mifumo ya namna hiyo inaitwa shirikishi siku hizi, na mimi siafiki.

Kikundi cha WhatsApp nacho kinakaribia, hakijafika. Watu wanazungumza, wanatumiana picha za majani yaliyoungua kwa baridi, wanajadili bonasi usiku kucha. Lakini ushauri mzuri wa Jumatatu umezikwa na salamu za Jumatano. Hakuna waraka mmoja unaojengwa na wote. Ulinganishe na Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003: kila makala ina ukurasa wa majadiliano, na ina historia inayoonyesha nani alibadilisha nini na lini, hata toleo la awali linaweza kurudishwa. Majadiliano na historia ni maneno ya kila siku, na yamebeba kazi nzito ya kiufundi bila kumsumbua msomaji.

Sasa neno kuu. Programu shirikishi ndiyo inayopendwa, na katika mambo mengi inatosha. Lakini shirikishi inatokana na kushirikisha, na kushirikisha kuna mwenyewe: yupo mwenye mpango, naye anawaita wengine waingie. Wakulima wa chai wanaijua hali hiyo kutokana na mikutano ambayo uamuzi ulifika kabla yao. Programu ya kikundi ni fupi, ila Kenya ukisema kikundi watu wengi watafikiri unazungumzia akiba na mikopo. Ushirika una maana yake ya kisheria. Ushirikiano ni mpana mno, kwani hata mabalozi wanautia saini.

Napendekeza programu ya kazi ya pamoja. Najua ni ndefu kidogo. Faida yake ni kwamba inabeba masharti yote mawili ya mwaka 1991: kazi ipo, na upamoja upo. Mkulima wa Konoin atauliza mara moja ni kazi gani na ni pamoja na nani, na hayo ndiyo maswali ambayo mtengenezaji wa programu angepaswa kuyajibu kabla ya kuandika msimbo wowote.

Kwenye mapitio kuna mtego mwingine. Vitabu vingine vinasema mapitio ya rika, kwa maana ya kazi ya mtu kupitiwa na walio sawa naye. Miongoni mwa Wakipsigis rika ni jambo zito, kwa kuwa marika yana majina yake na heshima yake, na mzee na kijana si rika moja hata wakilima mashamba yanayopakana. Katika shamba darasa kijana anamhoji mzee mbele ya mchoro, na mbinu nzima inasimama juu ya uhuru huo. Ukaguzi nao haufai, maana mkaguzi ana uwezo wa kukukatalia majani. Mapitio ya wenza ndiyo sahihi: mwenzako kazini, awe na umri wowote.

Jina zuri halitoshi. Mwaka 1988 Jonathan Grudin alieleza kwa nini programu nyingi za aina hii zilikuwa zikishindwa makazini: anayefanya kazi ya ziada ya kuingiza taarifa si yule anayefaidika nazo. Onyo hilo linafaa kusomwa Bomet. Katika nyumba nyingi wanawake ndio wanaochuma, huku namba ya mkulima ikiwa kwa jina la mume. Programu ikimtambua mtu kwa namba hiyo peke yake, mwenye kuijua michai kuliko wote atakuwa nje ya mlango, na mwenye akaunti hatakuwa na la kuandika. Vilevile kikundi kinachozungumza Kipsigis hakipaswi kulazimishwa kuandika sentensi ndefu kwa lugha nyingine. Picha ya mchoro na maelezo ya sauti viwe na uzito uleule wa maandishi, na viwekewe historia vilevile.

Kwa hiyo nawaomba wanaotengeneza programu kwa ajili ya wakulima wa chai, pamoja na wanaozitafsiri, wahudhurie shamba darasa msimu mmoja kabla ya kuanza. Wamtazame anayechora, anayeuliza, na anayenyamaza. Kisha wampe kila mmoja wao, pamoja na mchumaji asiye na namba, haki ya kuandika, kusahihisha na kuona historia.