Dawa ya Kurudisha Pumzi Baada ya Upasuaji, na Moyo Wako

Leo tuzungumzie sindano anayodungwa mgonjwa upasuaji ukiisha, kabla hajatolewa chumbani. Haimwamshi usingizini. Kazi yake ni kurudisha nguvu za misuli ili apumue mwenyewe.

Hapa pwani twaijua sumu ya mishale ya mti wa msunguti, waliyowindia Wagiriama na Wawaata. Hiyo husimamisha moyo. Wawindaji wa Amerika ya Kusini walikuwa na yao, kurare, inayolegeza misuli mpaka pumzi ikatike. Mwaka 1942, madaktari Harold Griffith na Enid Johnson wa Montreal, Kanada, waliitumia kidogo kwa mgonjwa wa upasuaji, misuli ya tumbo ikalegea vizuri.

Je, misuli itarudije? Jibu lilikuwa tayari. Mwaka 1900, Jacob Pal wa Vienna aligundua kuwa dawa ya maharagwe ya Calabar, kutoka Nigeria, huishinda kurare. Baadaye ikatengenezwa neostigmini, inayotumika hadi leo. Kwa kuwa hupunguza mapigo ya moyo, huchanganywa na atropini. Mwaka 2008, nchi za Ulaya zikaidhinisha dawa mpya, sugamadeksi.

Sasa sikiliza, mama. Mara chache sana, baada ya dawa hizi, mshipa unaolisha moyo damu hujikaza ghafla. Moyo ukikosa damu, kifua huuma. Wakati mwingine chanzo ni mzio, yaani aleji. Daktari Nicholas Kounis wa Ugiriki alieleza mwaka 1991 jinsi mzio unavyobana mishipa hiyo.

Usiogope upasuaji kwa sababu hii. Kuukataa unapohitajika ni hatari zaidi. Tena mama wengi wanaopasuliwa kujifungua huchomwa sindano ya mgongo, na hao hawahitaji dawa hizi.

Lakini fanya haya:

Kabla ya upasuaji, mwambie mhudumu wa nusukaputi kama una pumu, presha au maumivu ya kifua, au kama dawa yoyote iliwahi kukuwasha au kukuvimbisha.

Baada ya upasuaji, wewe unayemuuguza, mwangalie. Kifua kikimbana, akitoka jasho jembamba, akipumua kwa shida, akipata vipele au midomo ikivimba, mwite muuguzi papo hapo. Usiseme ni uchovu. Ikigunduliwa mapema, hali hii hutibika.