Ardhi Inayosomwa kwa Unyayo: Kutoka Okayama hadi Goma

Tarehe 18 Machi 1967, katika mji wa Okayama nchini Japani, vigae 230 vya saruji vilitandazwa kwenye kivuko cha barabara kuu, jirani na shule ya wasioona. Kila kigae kilikuwa na vinundu vya kusikika chini ya kiatu. Mbunifu wake, Seiichi Miyake, alikuwa mwenye nyumba ya wageni, si mhandisi wa barabara. Rafiki yake Hideyuki Iwahashi alikuwa akipoteza uwezo wa kuona. Inasimuliwa kwamba Iwahashi ndiye aliyemweleza jinsi unyayo, hata ukiwa ndani ya kiatu, unavyotambua mpaka kati ya udongo mtupu na ardhi iliyoota kuvumwani. Kutokana na maneno hayo Miyake alibuni kigae chake mwaka 1965, akakigharimia kwa fedha zake mwenyewe.

Baadaye ikaja lugha kamili ya ardhi: vinundu vya mviringo humwonya mtu asimame, mistari iliyoinuka humwambia aendelee. Hata hivyo, kila mtengenezaji alikuwa na umbo lake, na mtu aliyezoea mji mmoja alipotea akifika mji mwingine. Japani iliweka kipimo kimoja cha kitaifa mwaka 2001, na kipimo cha kimataifa kikafuata mwaka 2012. Katika kipimo cha Japani kinundu huinuka milimita 5 tu. Urefu huo unatosha, mradi ardhi inayokizunguka kinundu iwe laini. Palipojaa mabonde na mawe, milimita 5 hazisemi kitu.

Hapo ndipo historia hii inapokutana na Goma, mji wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo uliojengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ilipasuka, na lava ikateremka hadi katikati ya mji na kuingia Ziwa Kivu. Ilifunika takriban asilimia 13 ya mji pamoja na sehemu ya uwanja wa ndege, na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likaangamia. Kuna mahali lava ilipoganda kwa unene wa mita mbili hivi, hata orofa za chini za baadhi ya majengo zikabaki zimezikwa nusu. Watu walirudi upesi, wakavunja jiwe kwa nyundo na kujenga upya juu yake. Ushujaa huo umesifiwa mara nyingi, na unastahili. Lakini katika sifa hizo sijaona mtu akimtaja asiyeona, ambaye kwa siku moja alipoteza ramani yote aliyokuwa ameihifadhi miguuni: ngazi aliyoizoea, ukingo wa mfereji, kona ambapo lami ilikoma na udongo ukaanza. Aliyekuwa na macho aliona mji mpya. Yeye ilimbidi aupapase upya, jiwe kwa jiwe. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukapasuka tena usiku, lava ikasimama kwenye viunga vya kaskazini, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Anayetembea kwa fimbo nyeupe ilimbidi aondoke katikati ya umati, juu ya ardhi inayotetemeka.

Siku za kawaida nazo zina uzito wake. Ukingo wa barabara ndio mwongozo wa kwanza wa fimbo, na katika mitaa ya Goma kama Birere au Majengo ndipo hapo bidhaa hupangwa, pikipiki za abiria huegeshwa, na chukudu, zile skuta za mbao za mizigo, hupita zikiwa zimesheheni mkaa au viazi. Asiyeona anayetoka anategemea bega la mtoto au jirani, na kumbukumbu yake ya sauti za soko.

Sheria haijanyamaza. Ibara ya 49 ya Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inawapa wenye ulemavu haki ya ulinzi maalumu. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao ibara yake ya 9 inahusu kufikika kwa barabara na majengo. Tarehe 3 Mei 2022 ikatiwa saini sheria nambari 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki zao. Lakini mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, na maandishi ya Kinshasa yakazidi kuwa mbali na njia za mji.

Kwa maoni yangu, kuagiza vigae vya njano kutoka ng'ambo na kuvipachika juu ya mawe yaliyochongoka kungekuwa kumdanganya asiyeona. Kazi ya kwanza ni njia ya waenda kwa miguu iliyosawazishwa, isiyokatizwa, yenye ukingo ambao fimbo inaupata na mifereji iliyofunikwa. Goma haikosi mafundi; mawe ya volkano yamechongwa hapa kwa ajili ya kuta na misingi tangu zamani. Mikono hiyo hiyo inaweza kusawazisha ukanda mmoja wa bulevadi ya Kanyamuhanga, kisha kuweka vinundu mahali panapohitaji onyo: kwenye vivuko na kabla ya mizunguko ya barabara. Na wa kwanza kuukanyaga na kuukagua, kabla saruji haijakauka kabisa, wawe wasioona wenyewe, kama wazo la Miyake lilivyoanzia kwa Iwahashi.