Vyeo Vilivyozaliwa na Kazi

Tarehe 16 Desemba 1925, wanafunzi 14 wa Chuo cha Lafayette, mjini Easton katika jimbo la Pennsylvania, walianzisha chama cha udugu cha aina yake. Vyuo vya Marekani wakati huo vilijaa vyama vyenye majina ya herufi za Kigiriki, vyenye nyumba za kuishi, karamu na heshima ya kurithishana. Chama kipya, Alpha Phi Omega, kilikuja na sharti jingine. Mwanachama aliweza kubaki katika udugu wake wa zamani na kulala huko huko, mradi afike panapohitajika mikono ya kufanya kazi.

Mwenye wazo alikuwa Frank Reed Horton. Alikuwa ametumikia jeshi la majini la Marekani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na aliyoyaona yalimfanya aamini kwamba mataifa yangeacha kuuana iwapo vijana wangelelewa kwa maadili ya pamoja. Huko Lafayette alibaini kwamba wenzake waliomvutia kwa tabia njema walikuwa wamekulia katika Skauti, harakati ya Robert Baden-Powell, yule aliyezikwa Nyeri, Kenya, mwaka 1941. Akajiuliza kwa nini malezi hayo yakomee utotoni. Hivyo kiapo na sheria ya Skauti vikawa msingi wa udugu mpya, na mwanzoni waliopokelewa ni wale tu waliowahi kuwa Skauti. Nguzo zilikuwa tatu: uongozi, urafiki na huduma.

Tangu siku za mwanzo majukumu yaligawanywa kwa kuangalia nani anaweza nini. Thane Cooley alipendekeza kaulimbiu, Everett Probst akachora beji, na Lewis Blair akasaidia kuandaa katiba. Horton mwenyewe aliongoza ngazi ya taifa hadi 1931. Tawi la pili lilifunguliwa Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 1927, na udugu wa chuo kimoja ukaanza kuvuka mipaka.

Aliyeueneza kwa kasi ni H. Roe Bartle, mwanasheria na mtendaji wa Skauti wa Kansas City, mtu wa mwili mkubwa na sauti ya kujaza ukumbi. Alikuwa rais wa taifa kuanzia 1931 hadi 1946, na katika miaka hiyo matawi yaliongezeka kutoka 18 hadi 109, ingawa vita viliwatoa wanafunzi wengi madarasani na kuwapeleka jeshini. Bartle alikuja kuwa meya wa Kansas City, na timu ya mpira wa Kimarekani ya mji huo, Chiefs, imepewa jina kutokana na lakabu yake.

Ndani ya tawi, kila cheo kina kazi inayoonekana. Rais huongoza vikao na kulisemea tawi mbele ya uongozi wa chuo. Makamu wa huduma ndiye moyo wa shughuli: hutafuta miradi, hupanga usafiri, huhesabu saa za kujitolea na kuhakikisha waliojiandikisha wamefika kweli. Makamu mwingine hushughulikia wanachama wapya, akiwafundisha historia na taratibu kabla hawajaapishwa. Yupo wa urafiki, ambaye kazi yake ni kuwafanya watu waliochoka kubeba maboksi ya vitabu Jumamosi watamani kurudi wiki inayofuata. Mweka hazina, katibu na mtunza kumbukumbu hukamilisha safu, na walezi kutoka kwa wahadhiri, Skauti na jamii hukaa kando wakishauri.

Miradi yenyewe imebadilika kulingana na wakati. Matawi yameendesha masoko ya kubadilishana vitabu vya kiada, yamesimamia chaguzi za wanafunzi, yamekusanya damu na kusaidia makambi ya watoto. Mradi uliopata umaarufu zaidi ni shindano la kumtafuta mwanamume mwenye sura mbaya kuliko wote chuoni. Kura ilipigwa kwa sarafu, na fedha zilizopatikana zilipelekwa kwa wahitaji.

Matawi yalipokuwa mamia, ofisi moja ya taifa isingeweza kuyajua yote kwa karibu. Hapo ndipo ngazi ya kati ilipopata uzito wake. Kwa miongo mingi matawi yaliyo jirani yaliwekwa katika eneo moja, na maeneo kadhaa yakaunda kanda. Mwenyekiti wa eneo alichaguliwa na wajumbe wa matawi katika mkutano wa kila mwaka. Alizunguka kwenye vyuo, akakagua kama tawi lina mweka hazina anayejua hesabu, akasuluhisha ugomvi, na kukilea kikundi kipya hadi kistahili hati ya kuwa tawi kamili. Mkurugenzi wa kanda alibeba mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu aliketi pia kwenye bodi ya taifa.

Hawa wote walikuwa watu wa kujitolea, mara nyingi wahitimu wenye ajira na familia, walioendesha gari usiku ili wahudhurie kikao cha vijana wa miaka 19. Na vijana hao ndio waliokuwa na kura. Kila baada ya miaka miwili mkutano mkuu hufanyika, wajumbe wa matawi wakirekebisha katiba na kuchagua viongozi wa taifa. Mkurugenzi aliyeipuuza kanda yake alijua wa kumhukumu ni wanafunzi.

Mbegu ilifika pia Asia. Kwa msukumo wa Mmarekani Sol George Levy, Librado Ureta alianzisha tawi la kwanza la Ufilipino katika Far Eastern University, Manila, tarehe 2 Machi 1950. Huko udugu ulishika sura ya kisiasa zaidi. Mwaka 1977, chini ya utawala wa Ferdinand Marcos, wanachama wa Chuo Kikuu cha Ufilipino walikimbia uchi kampasini kuunga mkono filamu iliyopigwa marufuku na serikali, Hubad na Bayani. Mbio hizo zikawa desturi, zikibeba malalamiko ya wananchi. Jejomar Binay, aliyekuwa makamu wa rais wa nchi kuanzia 2010 hadi 2016, ni mmoja wa ndugu wa chama hicho.

Swali gumu kuliko yote lilikuwa nani ana haki ya kuingia na kuongoza. Sharti la kuwa Skauti liliondolewa miaka ya 1960. Mkutano mkuu wa 1976, mjini Atlanta, uliwafungulia wanawake uanachama kamili Marekani, lakini matawi machache yaliendelea kuwa ya wanaume peke yao hadi mkutano wa 2006 ulipothibitisha kwamba yote lazima yawe wazi. Baada ya hapo wanawake walishika hata urais wa taifa. Ufilipino ilichagua njia yake: wanawake wana chama chao cha udada ndani ya jumuiya ile ile, chenye maofisa wake, na pande zote mbili hukutana kwenye miradi ya huduma.