Ubini wa Mwanasoka

Tarehe 1 Februari 2020 Mbwana Samatta aliifungia Aston Villa bao la kichwa dhidi ya Bournemouth, akawa Mtanzania wa kwanza kufunga katika Ligi Kuu ya England. Kwa desturi ya magazeti ya Kiingereza, jina kamili la mchezaji hutajwa mara moja, kisha hubaki la mwisho peke yake: Samatta. Jina hilo linalobaki ndilo wanaloliita *surname*, na wengi wetu hulitafsiri haraka kuwa “jina la ukoo”.

Tuanze na kazi yake ndani ya sentensi. Kiingereza husema *Samatta's header*, pia *a Samatta header*. La kwanza linamtaja mwenye mali. La pili linaligeuza jina kuwa kama kivumishi, kichwa cha aina anayopiga yeye. Kiswahili hutumia -a unganifu ileile kwa yote mawili, “kichwa cha Samatta”, na msikilizaji huelewa kutokana na muktadha. Tukitaka bao fulani linalojulikana, kiashiria kinatosha: “lile bao la Samatta”, na kila mtu anakumbuka Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, Machi 2020.

Kwenye wingi lugha hizi zinaachana kabisa. *The Samattas* ni familia ya Samatta. Sisi tunasema “kina Samatta”, na maana inapanuka: mwaka 2019 kina Samatta walikwenda Misri kwenye AFCON, yaani Taifa Stars nzima, nahodha na wenzake. Mwandishi anayetafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza huipoteza “kina” hii, na ni hasara kubwa.

Halafu kuna ngeli. Victor Wanyama wa Kenya alipoifungia Celtic dhidi ya Barcelona mwaka 2012, mtangazaji wa Kiswahili alipaswa kusema “Wanyama amefunga”. Akisema “wamefunga”, tumeshaingia porini. Kwenye gazeti herufi kubwa inasaidia. Redioni ni kile kiambishi a- tu kinachotuambia kwamba huyu ni mtu mmoja.

Huyo Wanyama ana kaka, McDonald Mariga, aliyetwaa Ligi ya Mabingwa na Inter mwaka 2010. Baba yao ni mmoja, Noah Wanyama, naye alicheza soka. Mbele ya msomaji wa Kiingereza, Mariga na Wanyama ni watu wasiohusiana mpaka mwandishi aongeze maelezo. Tayari hapo “jina la ukoo” linaanza kuyumba.

Linaanguka kabisa kwenye milima ya Uluguru, Tanzania. Ukishika njia ya Bigwa na Kiroka kwenda Matombo utapita Mkuyuni, upande wa mashariki wa milima, kwenye migomba na mananasi. Kijana Mluguru wa huku ukimuuliza ukoo wake atakutajia lukolo, nao hufuata upande wa mama. Ardhi na mambo mazito ya ukoo ni ya wajomba. Lakini majina ya kijana huyo kwenye cheti ni matatu kama ya Watanzania wengi: lake, la baba, la babu mzaa baba. Fomu ya usajili wa timu ikimdai “jina la ukoo”, ataandika la babu huyo, ambaye kwa hesabu ya Kiluguru kwa kawaida ni mtu wa ukoo mwingine! Karatasi imemsemea uongo, na wala hakukusudia.

Kiswahili kina neno la zamani, ubini, kutokana na “bin”: jina la upande wa baba ambalo mtu hutambulishwa nalo. Linabeba la baba na la babu bila kudai ukoo wowote, na ni fupi kiasi cha kuenea kwenye kisanduku cha fomu. “Jina la mwisho” nalo si baya, kwa kuwa linataja nafasi tu. Waandishi wa michezo na makatibu wa vilabu, andikeni ubini, na “jina la ukoo” mliachie ukoo wenyewe.